Kinu Kilichofundishwa Ubatizo

Tangu Kocha aanze kusimulia habari ya fimbo, majirani na mafundi wenzangu wa Igoma mmekuwa mkinisimamisha njiani kuniuliza kama kweli ilitokea. Fimbo ni ya kweli. Lakini katika masimulizi ya Kocha hamna kinu, hamna kivuko, na yeye mwenyewe yumo kila mahali akiwa na hekima ambayo mimi sikuiona. Kwa hiyo nimeandika yote kwa mpangilio, tangu tulipoondoka mpaka tuliporudi, ili nisiendelee kueleza jambo moja kila siku nikiwa nimeshika bisibisi.

Igoma: fulana

Kanisa letu lina tawi Nyamilanga, kijiji cha ufukweni ng'ambo ya ghuba, mbele ya Sengerema. Tawi lina mwalimu mmoja wa imani, mfugaji anayeitwa Masanja. Ujumbe wake kwa wazee wetu ulikuwa mfupi: kuna mama mmoja amemaliza mafundisho, hospitali imesema moyo wake umetanuka, naye anaomba abatizwe mapema. Wazee wakaamua kututuma wawili. Mimi nafundisha darasa la wanaoanza, hivyo nimsikilize mama huyo kama amefundishika. Kocha ana daraja la uchungaji, hivyo ambatize.

Kwa wasiomfahamu Kocha: ni mchungaji wetu kijana, Msukuma aliyekulia mjini, ambaye hapendi kuitwa mchungaji. Anasema mchungaji hufuata kondoo, lakini kocha huzalisha makocha. Ameleta mpango wa ulezi wa kiroho ambao kila mtu anamlea mtu atakayemlea mtu mwingine. Umefanikiwa sana. Mimi hutengeneza cherehani, na siku hizi mteja akija kubadilisha sindano huniuliza nani ananilea, na kabla sijajibu huwa ameshajitolea. Sijawahi kukutana na anayetafuta wa kumlea yeye.

Tulikubaliana kuondoka asubuhi. Tuliondoka jua likiwa limepanda, kwa sababu Kocha alikuwa akisubiri fulana kwa mchapishaji. Zilipofika zilijaza siti za nyuma za Noah yake, pamoja na spika, projekta, betri na bango. Ubatizo wa mama mmoja ulikuwa umegeuka semina. Kila fulana ilikuwa imeandikwa mgongoni, kwa herufi kubwa, MWALIMU.

"Za wanafunzi ziko wapi?" nikauliza.

"Mzee wangu, nani atakubali kuvaa hiyo?"

"Yule mama anayekwenda kubatizwa."

"Huyo naye ni mwalimu. Sisi tunamwona kwa macho ya imani."

Akanipa yangu, akasubiri niivae. Niliivaa.

Kivukoni: maombi nyuma ya vitunguu

Tulipanga foleni ya kivuko cha kwenda Kamanga, tukaingia, tukaegeshwa mbele kabisa karibu na mlango wa kushukia. Kocha alikuwa akinieleza ngazi za ulezi, akafika ngazi ya tatu, akakatika katikati ya neno. Abiria wa miguu walikuwa wanaingia. Miongoni mwao alikuwepo mama mmoja mnene wa kitenge cha kijani, amebeba beseni la nyanya.

Kocha aliteleza kwenye kiti mpaka kidevu kikawa chini ya usukani. Akaniomba nipandishe kioo. Kisha akafungua mlango wa upande wake, akatoka ameinama kama mtu aliyedondosha ufunguo, na kwenda kusimama nyuma ya lori la vitunguu. Alikaa huko safari nzima. Nilipomfuata kumuuliza kama anaumwa, nilimkuta amegeukia maji, amejifunika kichwa na moja ya fulana zetu.

"Niko kwenye maombi," akasema bila kugeuka. "Yule mama bado yupo pale mbele?"

"Mama yupi?"

"Basi, Mzee, niache nimalize."

Tulipofika ng'ambo mama wa beseni alisimama kwenye geti la kutokea kumsubiri mtu, na Kocha hakutoka nyuma ya vitunguu. Gari letu lilikuwa la kwanza, na mimi sijui kuendesha. Nyuma yetu honi zikaanza, kwanza moja, kisha zote. Kijana wa kivuko mwenye kamba begani akaja akagonga kioo.

"Shikamoo Mzee. Hili gari lina dereva, au linasubiri kuokoka?"

"Marahaba. Dereva yuko kwenye maombi."

"Mwambie aombe akiwa barabarani. Hapa ng'ombe wa watu wanaungua jua."

Akaenda kumtafuta mwenyewe. Wakati huo mama wa kitenge cha kijani alikuwa amepata bodaboda na kuondoka na beseni lake, na Kocha alirudi akiwa amenyooka, akawasha gari, akaendelea na ngazi ya tatu pale pale alipoikatia. Mwenye lori la vitunguu alitupita akitutukana. Sikuelewa kilichotokea, nikakiweka kando, kama ninavyofanya na skrubu inayobaki baada ya kufunga mashine. Skrubu ya namna hiyo huwa ina mahali pake.

Sengerema: samaki wa walimu

Sengerema tulisimama kula. Mama ntilie alitusoma migongo kabla hajatuona nyuso, akafurahi kupita kiasi. Alitandika meza kwa kitambaa, akatuletea ugali wa udaga, yaani unga wa muhogo, na vipande vya sangara vilivyozidi sahani.

"Afadhali mmeletwa," akasema. "Watoto wetu wanateseka. Sasa wa hesabu ni yupi?"

"Mama, sisi ni walimu wa kiroho," Kocha akajibu. "Tunawalea walezi."

"Hesabu hamfundishi?"

"Hapana. Tunafundisha watu wafundishe."

"Wafundishe nini?"

"Kufundisha."

Mama alimtazama, akanitazama mimi. Kisha akachukua sahani zetu kwa heshima zote, akarudisha vile vipande sufuriani, akatuletea vya mkiani.

Mzee mmoja wa meza ya jirani alicheka mpaka akakohoa. Aliposikia lafudhi yangu akaniuliza kama mimi ni Mhaya, nikamkubalia. "Basi kumbe umesoma," akasema. "Nyie Nshomile, watu wa kusoma, hata samaki akiwa mkia mnaweza kumweleza vizuri." Nilimweleza kwamba mkia una nyama ngumu kwa sababu ndio unaofanya kazi. Alikubali kuwa ni maelezo mazuri, ila hakunipa kipande chake.

Kocha hakula sana. Alisema kwa masikitiko kwamba mama yule hana maono.

Nyamilanga: pepo wa kutwangia

Barabara ya Nyamilanga ni nzuri mpaka inapoacha kuwa barabara. Noah ilikwama kwenye mchanga karibu na mashamba ya mihogo, na watu waliotusukuma waliuliza nao habari ya hesabu. Tulifika kanisani kukiwa kumefungwa. Mwanamke aliyekuwa anaanika dagaa alituelekeza kwa Masanja: nyumba ile yenye uzio wa minyaa, na kwamba saa hizi yuko anafundisha.

Tuliacha gari tukatembea. Tulipokaribia uzio tulisikia sauti ya mwanamume, ya taratibu, ya mtu aliyezoea kuongea na wanyama.

"Kinu, mtu aliyekuibia ng'ombe akija kukuomba msamaha, utafanyaje?"

Kisha sauti nyembamba ya kizee ikajibu, kutoka pale pale kilipo kinu.

"Kinu kinauliza, amekuja na ng'ombe au amekuja mikono mitupu?"

"Kinu, amekuja mikono mitupu."

"Basi kinu kinasema huo msamaha ni mzito. Kinu kinaomba kifikirie mpaka kesho."

Tulichungulia. Mwanamume wa makamo alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya ua, ameipa nyumba mgongo, mbele yake kinu cha kutwangia. Kitabu cha mafundisho kilikuwa wazi magotini. Hapakuwa na mtu mwingine.

Kocha alinishika mkono kwa nguvu. "Mzee, umesikia? Kinu kinajibu."

Kabla sijasema neno alikwishaingia. Alikikemea kile kinu kwa sauti ya spika bila kuwa na spika. Alimwamuru aliyemo atoke. Kuku walitawanyika. Masanja alisimama na kitabu mkononi, akiwa amepigwa na butwaa, na Kocha akamwambia kwamba ameleta miungu kwenye nyumba ya Bwana na kwamba kinu hicho kitachomwa leo hii.

Ndipo akatoka jikoni mwanamke mwenye unga mikononi. Alikuwa Limi, mke wa Masanja.

"Karibuni, baba zangu," akasema. "Kinu hicho mtakichoma baada ya chakula au kabla? Maana unga wenu ndio ninautwangia humo."

"Kuna sauti ndani yake, dada."

"Hiyo sauti ni ya mama yangu. Yuko nyuma ya mlango hapo. Mama, kohoa."

Nyuma ya mlango uliokuwa wazi nusu, hatua chache kutoka kwenye kinu, mtu akakohoa.

Limi ndiye aliyenieleza, nikimsaidia kubeba viti, kwa kuwa kwetu Kagera ukwe una heshima yake lakini haujafika hapo. Mama yake, ambaye kila mtu pale anamwita Bibi Ng'wasi, ni mama mkwe wa Masanja. Kwa mila ya Wasukuma mkwe na mama mkwe hawatazamani, hawali pamoja, hawagusani, hawatajani majina. Wakikutana njiani mmoja huacha njia. Bibi alipotaka kujifunza imani, miaka mingi iliyopita, mwalimu wa Nyamilanga alikuwa mmoja tu, naye ndiye aliyemwoa binti yake. Masanja hakuweza kumfundisha mama mkwe. Lakini hapakuwa na mila yoyote inayomzuia mtu kufundisha kinu, na mtu akikaa nyuma ya mlango akasikia, hiyo ni bahati yake.

"Miaka yote hiyo?" nikamuuliza.

"Miaka yote hiyo. Na kinu kikikosea, mimi ndiye ninayetumwa kukisahihisha. Nimechoka kuwa daraja, Mwalimu. Huyu hawezi kumpa yule kiatu, yule hawezi kumpa huyu maji. Huyu anaweka chini naokota, naweka chini yule aokote."

Uani: maswali yangu

Masanja alienda kunywesha ng'ombe ili Bibi aweze kutoka. Bibi alikuwa mwembamba, miguu imevimba, khanga moja kiunoni na nyingine kichwani. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, akakaa kwenye mkeka akihema.

"Wanasema moyo wangu umekuwa mkubwa," akasema. "Nikawauliza madaktari, mbona mnasema kama ugonjwa? Mke mwenzangu alikuwa akinilaumu miaka yote kwamba ni mdogo."

Nilimuuliza maswali kwa utaratibu wa kitabu. Mengine aliyajua. Mengine aliyajibu kifugaji, na moja alikataa kabisa kulijibu, lile la ng'ombe, akisema aliomba mpaka kesho na kesho haijafika. Mwisho nikamuuliza kwa nini anataka kubatizwa.

Alichukua muda kupata pumzi.

"Huyo mke mwenzangu, Kabula, tuligombana ujana wote, uzeeni tukawa tunapakana mafuta miguuni. Naye alikuwa anakisikiliza kinu, tulikaa wote hapo nyuma ya mlango. Akafa kabla. Hapa kwetu asiyebatizwa kanisa halimwimbii. Kwaya nzima ilikuja, wamevaa sare, wakasimama na midomo imefungwa kama watu wanaosubiri duka lifunguliwe. Tulimzika tunasikia majembe tu. Mimi nasikia vizuri, mwanangu. Sitaki kuzikwa na majembe."

Kwa kuwa ni mtu wa kufuata mpangilio, nilimuuliza kwa nini hakubatizwa na wachungaji waliokuja kabla yetu. Jibu lake lilikuwa fupi. Wote walikuja na semina. Semina ilikuwa inaisha jioni, wanapiga picha, wanaondoka. Na waliokumbuka ubatizo walikwama kwenye mkono.

Hili la mkono nilieleze. Kwa utaratibu wa kanisa letu mwalimu humshika mwanafunzi wake mkono, humwingiza ziwani mpaka kwa mchungaji, na kusema mbele ya wote: huyu ni mwanafunzi wangu, nimemfundisha. Bila hilo mchungaji habatizi.

Kanisani: mwanga ulioshindwa na jua

Semina ilifanyika kesho yake. Ukuta wa kanisa ni wa tope, hivyo projekta ilielekezwa kwenye shuka la Limi. Na kwa kuwa kanisa halina madirisha ya kufunga, jua lilifuta ngazi zote za Kocha zikabaki mbili za chini, kwenye kivuli cha mtu aliyesimama. Watu walivaa fulana. Kina mama wa kwaya, wavuvi, fundi baiskeli na mwenyekiti wa kijiji ambaye si wa kanisa letu, wote wakawa walimu. Kocha akawataka wageuke kila mmoja amfundishe wa jirani. Walianza kwa pamoja, na hakukuwa na aliyenyamaza kusikiliza. Kwa mbali ilifanana na mnada wa ng'ombe, ila mnadani kuna wanunuzi.

Baadaye tukaja kwenye jambo lililotuleta. Kocha alimwita Masanja mbele.

"Utamshika mama mkono, utamwingiza majini."

Masanja aliinamisha kichwa. "Mchungaji, siwezi."

"Katika Kristo hakuna ukwe. Hilo ni giza. Kama mwalimu mwenyewe yuko gizani, mwanafunzi wake nitambatizaje?"

"Basi hata huyu Mwalimu wa mjini amshike," mmoja wa wazee akapendekeza, akinionyesha.

Kocha aliona ni sawa. Lakini kutoka nje ya ukuta, ambako Bibi alikuwa amekaa kivulini ili asionane na mkwewe, sauti nyembamba ikasema: "Huyo Mhaya nimemwona jana. Atasimama mbele ya Mungu aseme amenifundisha nini? Aliyenifundisha yupo."

"Mama, aliyekufundisha hataki kukushika."

"Akinishika mimi ndiye nitakayekimbia. Na miguu hii, mtanikimbiza hospitali."

Watu walicheka, Kocha hakucheka. Alifunga kitabu chake. Alisema hatabatiza kwa masharti ya mila, kwamba atatoa taarifa Igoma kuwa tawi linahitaji mwalimu mpya, na kwamba mama atasubiri safari nyingine. Nilimtazama Masanja. Alikuwa ameshika ukingo wa benchi.

Hapo ile skrubu ikapata mahali pake.

"Kocha," nikasema, "kabla hujaandika taarifa. Yule mama wa kitenge cha kijani kule kivukoni, ni nani kwako?"

Akanitazama kama nimemwomba avue kiatu.

"Ninauliza ili nijifunze," nikasema. "Sisi kwetu si hivyo, na mimi nisipoelewa kitu huuliza."

"Ni mama wa mke wangu," akasema, kwa sauti ya ngazi ya chini kabisa.

"Ulimshika mkono?"

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyeanza kucheka, kwa sababu si wa kanisa letu. Akafuatiwa na kwaya. Masanja alijitahidi, akainama, mabega yakamtikisika. Kijana wa kivuko angekuwepo angefurahi.

"Alijificha wapi?" mwenyekiti akataka kujua.

"Nyuma ya vitunguu," nikasema. "Ila alikuwa kwenye maombi."

Kocha alikaa. Sitasema alitubu, maana sikuona. Alifuta uso kwa fulana, akasema polepole, "Sasa mnataka nifanyeje? Mkono ni utaratibu. Sikuutunga mimi."

Katika hilo alikuwa na haki.

Ziwani

Jibu lilitoka kwa Limi, na halikutoka kwa upole. Alikuwa ameingia kuchukua shuka lake. Akalikunja, akaliweka begani, akaona fimbo ya Masanja ya kuchungia imeegemezwa mlangoni. Akaichukua, akamsogezea mumewe ncha moja mpaka ikamgusa kifua.

"Shika."

Masanja akashika.

Limi akapitisha ncha ya pili nje, kwenye uwazi wa dirisha. "Mama, shika."

Tulisubiri. Kisha fimbo ikavutwa kidogo kutoka nje, na Masanja akasogea hatua moja.

"Hamjagusana," Limi akasema. "Hamjatazamana. Na mimi leo si daraja. Haya, twendeni, samaki wanasubiri kukaangwa."

Mimi sijui kama utaratibu wetu unaruhusu fimbo. Niliupitia kichwani nikakuta unasema mwalimu amwongoze mwanafunzi. Neno mkono liko kwenye mazoea. Nilimweleza Kocha hivyo. Alisema tu, "Twendeni."

Tuliteremka mpaka mahali ng'ombe wanaponywea, ambapo maji ni machafu lakini mamba hawapapendi. Niliuliza mara mbili habari ya mamba. Masanja alitangulia, macho yakiwa ziwani, mkono wa kushoto nyuma umeshika fimbo. Bibi alifuata, khanga imemfunika uso mpaka puani, anaitazama fimbo tu. Akisimama kuhema, fimbo inakaza, na Masanja anasimama bila kugeuka. Akiendelea, fimbo inalegea, naye anaendelea. Nimefundisha watu muda mrefu, na sijawahi kumwona mwalimu akimfuatilia mwanafunzi wake kwa uangalifu kama yule aliyekuwa amempa mgongo.

Nyuma yao wanawake wawili walibeba kinu. Sikujua nani aliwatuma. Walikitua kwenye tope, ukingoni kabisa.

Kocha alikuwa tayari majini, suruali imekunjwa. Ilipofika zamu ya Masanja kusema, tukaona tatizo ambalo hatukulifikiria: hawezi kumtaja jina, na hawezi kumwelekea. Alisimama maji yakiwa magotini. Kisha akageukia pembeni, kilipokuwa kinu, akasema nacho.

"Kinu, wewe ulikuwepo. Kila nilichojua nilikwambia. Nilichokuwa sijui nilikwambia sijui. Waambie hawa kwamba aliyekuwa anasikiliza ni mwanafunzi wangu, na mimi ndiye niliyemfundisha."

Nyuma ya khanga sauti ikajibu, "Kinu kinasema ni kweli. Na lile la ng'ombe, kinu kimesamehe. Ila kimesamehe kwa shida."

Masanja aliachia ncha yake ya fimbo akaenda pembeni. Kocha akampokea Bibi, na hapa nimpe haki yake: alimzamisha taratibu, akamshika kichwa kama yai, akamwinua haraka kwa sababu ya moyo. Kwaya ikaanza. Waliimba mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Limi alikuwa amemfunika mama yake kwa lile shuka la projekta, naye Bibi alikaa juu ya jiwe akiwasikiliza, maji yakimtiririka. Waliposhika wimbo wa nne aliinua mkono.

"Inatosha," akawaambia. "Msizimalize. Nyingine niwekeeni."

Kurudi

Tulikula sato na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, ambavyo niliviita michembe mpaka Limi akanirekebisha kwamba michembe hukaushwa bila kuchemshwa. Chakula cha Bibi kilipelekwa ndani, cha Masanja nje, na Limi katikati, daraja kama kawaida. Fulana zilibaki Nyamilanga. Nimesikia zinafaa sana wakati wa kuvuta nyavu.

Kivukoni Kocha alitazama abiria wote kwanza, kisha akakaa kwenye gari kama mwenye gari. Hakusema mengi. Nilidhani anafikiri juu ya yale yaliyotokea, na nilikuwa sahihi, ila si kwa namna niliyodhani. Katikati ya ghuba akatoa simu akanionyesha picha aliyopigiwa ufukweni: fimbo, mikono miwili, maji. Kinu alikuwa amekikata nje ya picha.

"Mzee wangu," akasema, "unaona hii? Hii ni mbinu."

Mengine mnayajua, maana wengi wenu mlikuwepo. Jumapili iliyofuata ukumbi wetu wa Igoma ulijaa. Kila aliyeingia alipewa kifimbo kilichopigwa msasa na vanishi, ncha moja imechongwa neno MWALIMU, ncha nyingine haina kitu. Kocha alieleza Mbinu ya Fimbo kwa ngazi, mara hii shuka likiwa jeupe na madirisha yamefungwa. Kisha akatuagiza tusimame, kila mtu ashike fimbo yake, aanze kuongoza.

Tulisimama. Mimi nilimsogezea jirani yangu ncha tupu, yule fundi viatu wa karibu na stendi. Aliitazama, akanisogezea ya kwake. Tukabaki hivyo. Nilipogeuka niliona ukumbi mzima uko vile vile: fimbo zimenyooshwa kila upande, kila mtu ameshika neno, na hakuna hata ncha tupu moja iliyokuwa na mkono juu yake.

Limi ametuma ujumbe kwamba Bibi bado anahema na bado anasoma. Wameanza kitabu kingine, na kinu kina maswali.

Kifimbo changu nimekitundika karakana, juu ya cherehani, ncha iliyochongwa ikiwa imefungwa kwenye msumari. Iliyo tupu inaning'inia usawa wa mkono wa mtu. Wateja wote wanaoingia huikwepa, na hakuna aliyewahi kuishika.